Mawese yenye anwani: mwongozo kamili wa kuwafuatilia wasambazaji wako Kigoma, kutoka dumu hadi shina

Mwezi haupiti bila mtu kunipigia simu kutoka Mwandiga, Simbo au Ilagala na kisa kilekile. Amekusanya mawese, amepata mnunuzi mkubwa, mnunuzi ameomba "orodha ya mashamba", naye amepeleka daftari la majina na namba za simu. Mzigo umekwama. Wengine wamejaribu mara tatu na mara zote tatu wamekwama palepale.

Nimeyapitia baadhi ya madaftari hayo. Karibu yote yana kosa moja: taarifa zilianza kutafutwa baada ya mafuta kumiminwa pipani. Ukishamimina, mafuta ya mama wa Kandaga na ya mchuuzi aliyevuka ziwa jana usiku yamekuwa kitu kimoja, na hakuna daftari litakaloyatenganisha.

Mwongozo huu ni wa mkusanyaji, mwenye mashine ya kukamulia, au chama cha ushirika chenye wasambazaji kati ya 20 na 200. Huenda mafuta yako hayavuki hata Morogoro. Ila mtengeneza sabuni au vipodozi anayeyanunua naye ana mteja wake, na mteja huyo anauliza: shamba liko wapi, msitu ulikatwa lini, nani alikwea mti? Swali hilo linashuka ngazi kwa ngazi mpaka kwako, na kwako ndiko linakokosa jibu.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kutoka nyumbani

- Daftari gumu lenye kurasa zilizopigwa namba. Karatasi zilizolegea hupotea, na ukurasa uliochanwa huonekana.
- Simu janja moja yenye GPS na betri inayokaa na chaji. Bando si lazima ukiwa shambani. GPS inasoma setilaiti, haihitaji mtandao.
- Mizani iliyokaguliwa na kupigwa muhuri na Wakala wa Vipimo.
- Maka peni isiyofutika kwa maji, na lebo za kufunga kwenye mikono ya madumu.
- Chupa ndogo angavu za sampuli, zilizooshwa na kukauka kabisa.
- Fomu ya ridhaa ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kawaida.
- Vitabu vya risiti vyenye nakala.
- Mapipa mawili au zaidi. Ukiwa na pipa moja tu, hatua ya 7 itakushinda, kwa hiyo kanunue la pili kwanza.

## Hatua ya 1: Chora njia ya mafuta yako jinsi ilivyo

Chukua karatasi. Andika upande mmoja "shamba", upande wa pili "pipa langu". Katikati weka kila mkono unaopita: mkwezi, mkulima, mkamuaji, mchuuzi wa baiskeli au bodaboda, dalali wa sokoni.

Wengi hudhani wananunua kwa wakulima. Ukichora unagundua kwamba nusu ya madumu yanaletwa na wachuuzi watano, na kila mchuuzi anakusanya kwa watu thelathini. Basi wasambazaji wako si hao watano.

Hapohapo tenga mafuta ya ng'ambo. Kama unapokea yanayotoka Kongo au Burundi, yape safu yake kwenye karatasi na baadaye pipa lake. Biashara hiyo si haramu kwa yenyewe, bali kuyaita ya Kigoma ni uongo, na mnunuzi akiugundua uongo huo hatakuamini hata kwa yale ya kweli.

Utajua umefaulu ukiweza kutaja, kwa kila dumu la wiki iliyopita, mkono ulioleta na mkono uliokuwa nyuma yake. Pasipo jibu, andika "sijui". Neno hilo ndilo litakalokuonyesha pa kuanzia.

## Hatua ya 2: Pita kwa uongozi wa kijiji, kisha keti na wenye mafuta

Usiingie shambani na simu mkononi kabla mtendaji wa kijiji na mwenyekiti hawajakufahamu. Mgeni anayezunguka kwenye mashamba akipiga picha na kusoma namba hueleweka kuwa amekuja kupima ardhi ya kuuza. Uvumi huo ukishaota, kuung'oa ni kazi ya mwaka.

Omba kikao. Waalike wakamuaji pamoja na wenye mashamba. Kwetu Kigoma mwenye mti mara nyingi ni mzee, na anayechemsha, kutwanga na kuuza ni mama. Ukimsajili mzee peke yake, utakuwa na jina la mtu ambaye hajawahi kukuletea hata dumu moja.

Kwenye kikao sema mambo matatu: unataka kujua nini, taarifa zitaonwa na nani, na wao watapata nini. La tatu ndilo watakalolisikiliza. Nakumbuka kikao kimoja ambapo nilieleza kwa dakika arobaini, kisha mama mmoja wa makamo akanyoosha mkono.

"Mwanangu, shikamoo yako tumeipokea. Sasa hiyo karatasi inaongeza bei ya dumu, au inaongeza maswali?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi wiki mbili baadaye nikiwa na jibu: nyongeza kidogo kwa kila dumu lenye lebo, na malipo siku ileile. Siku hiyo walijiandikisha. Anayeombwa kazi ya ziada alipwe kwa kazi hiyo. Usimbebeshe mkulima gharama ya karatasi zako.

Kuhusu ridhaa: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu. Mweleze mtu kwamba anaweza kukataa, na kwamba anaweza kujitoa baadaye. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi anayemchagua yeye, si wewe.

## Hatua ya 3: Mpe kila msambazaji namba moja

Majina yanajirudia. Kijiji kimoja kina akina Hamisi watano na Mama Asha watatu. Tumia namba fupi: herufi mbili za kijiji na tarakimu tatu, kwa mfano SM-014.

Andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, jina analoitwa mtaani, kitongoji, idadi ya michikichi inayozaa, aina yake (ya zamani, yaani Dura, au Tenera ya kisasa), na kama anakamua mwenyewe au anapeleka mikungu kwa mwingine.

Kutofautisha aina ni rahisi. Kata tunda katikati kwa panga. Dura ina gamba nene na nyama nyembamba. Tenera ina gamba jembamba na nyama nyingi. Usiandike "Tenera" kwa sababu mkulima amesema alipewa mche wa kisasa. Kata tunda.

Onyo: usiulize ekari kwanza. Michikichi mingi ya zamani imesambaa katikati ya mihogo, mahindi na maharage, na mkulima atakutajia ukubwa wa shamba zima. Hesabu miti.

## Hatua ya 4: Chukua pointi ya shamba, si ya nyumba

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, basi tutembee polepole.

Nenda shambani kwa miguu, pamoja na mwenye shamba. Simama katikati ya michikichi, mahali panapoonekana anga kiasi. Washa "mahali" kwenye simu, subiri dakika moja au mbili mpaka kosa la kipimo lishuke chini ya mita 10. Kivuli kizito cha makuti huchelewesha; sogea hatua chache, lakini usitoke nje ya shamba.

Simu itakuonyesha namba mbili za mahali ulipo, latitudo kisha longitudo; ziandike zote mbili zikiwa na tarakimu sita baada ya nukta. Tarakimu nne hukuweka ndani ya mita kumi na moja hivi, na wanunuzi wengi wanataka sita.

Makosa matatu ninayokutana nayo kila mara:

Alama ya kutoa imesahaulika. Kigoma iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo namba ya kwanza lazima ianze na alama ya kutoa: -4 na kitu. Ukiiacha, shamba lako linahamia Sudan Kusini, karibu na mji wa Maridi. Nimeona orodha nzima ya wakulima wa Kigoma Vijijini imehamia huko, na mwenyewe akashangaa kwa nini amekataliwa.

Namba zimebadilishana nafasi. Ya kwanza ni ile ya karibu 4 au 5, ya pili ni ya karibu 29 au 30. Ukizigeuza, mchikichi wako umeota Sahara.

Pointi zote zinafanana. Hii inatokea mtu anapokaa barazani kwa mwenyekiti na kuwaandikia watu arobaini. Mnunuzi akiziweka kwenye ramani anaona nukta moja nyeusi.

Kwa shamba dogo pointi moja hutosha. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2023 kuhusu bidhaa zinazotokana na ukataji wa misitu, ambayo wanunuzi wengi wameiga maswali yake ingawa tarehe ya kuanza kutumika imesogezwa zaidi ya mara moja, inataka mpaka wote uchorwe pale shamba linapozidi hekta 4, yaani karibu ekari 10. Wakulima wetu wengi hawafiki huko. Mwenye shamba kubwa, zunguka naye mpaka wote.

Utajua umefaulu ukifungua ramani ya setilaiti jioni na kila pointi ikaangukia kwenye vichwa vya michikichi. Vinaonekana kama nyota ndogo za kijani. Pointi iliyoangukia kwenye bati la nyumba, rudi kesho.

## Hatua ya 5: Kagua msitu na maji

Ramani ya Global Forest Watch ni ya bure na inaonyesha mwaka ambao miti ilipotea, kuanzia 2001. Weka pointi zako. Tarehe ya kuangalia kwa wanunuzi wa Ulaya ni 31 Desemba 2020: msitu uliogeuzwa shamba baada ya hapo hautakiwi.

Lakini usiiamini ramani peke yake. Shamba la michikichi mikongwe huonekana na setilaiti kama miti tu. Mkulima akikata Dura za babu yake ili apande Tenera, ramani inawaka rangi ya upotevu, na ukimfuta kwenye orodha umemwadhibu mtu aliyefanya hasa alichoshauriwa na afisa ugani. Nenda ukaone. Visiki vya mchikichi havifanani na visiki vya mninga, hata mtoto anavitofautisha.

Kinyume chake pia hutokea: ramani imetulia, na pembeni ya shamba kuna miombo iliyofyekwa mwezi uliopita. Uliza mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kijiji. Kama kijiji kinao, ramani yake hukaa ofisini kwa mtendaji, na inaonyesha msitu wa hifadhi wa kijiji uko wapi. Kwa vijiji vya upande wa Masito, Gombe na Mahale jambo hili lina uzito wa pekee, maana huko ni makazi ya sokwe.

Maji sasa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ufukwe wa ziwa. Mchikichi unapenda mabonde, na mingi iliota kando ya mito kabla sheria haijatungwa. Ushauri wangu: andika ukweli, usimwambie mtu ang'oe mti mkongwe unaoshikilia ukingo, ila mkubaliane kwa maandishi kwamba hapandi mpya ndani ya eneo hilo na halimi hapo.

Na kuni, ambazo fomu nyingi za wanunuzi hazizitaji. Kwa ninavyoona mimi, miti mingi inayopotea kwa ajili ya mawese huku kwetu haiondolewi kupisha mchikichi. Inaishia chini ya pipa la kuchemshia. Muulize mkamuaji anachemsha kwa kitu gani. Makapi ya nyuzi na magamba ya mise (kokwa za chikichi) yaliyokaushwa vizuri yanawaka, na hayana bei. Angalia pia maji machafu ya kukamulia yanakwenda wapi. Yakimwagwa kijitoni, mwambie achimbe shimo mbali na maji.

## Hatua ya 6: Angalia nani anafanya kazi

Kukwea mchikichi mrefu kwa kamba ni kazi ya hatari. Sheria yetu ya kazi ya 2004 hairuhusu kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na kazi za hatari ni mwiko kwa aliye chini ya miaka 18. Kijana wa miaka 16 mwenye mwili mkubwa bado ni mtoto pale juu.

Mtoto kumsaidia mama yake kuokota chikichi zilizodondoka baada ya shule ni jambo jingine, na usilifanye kashfa. Swali la kuuliza ni: saa ngapi? Ukimkuta saa nne asubuhi siku ya Jumanne, kuna la kuzungumza.

Ongea na mkwezi akiwa peke yake. Analipwa kwa mkungu au kwa siku? Amelipwa ya mwezi uliopita? Akianguka, nani anamtibu? Mbele ya mwenye shamba majibu yote huwa mazuri.

## Hatua ya 7: Siku ya kupokea, usimimine kabla ya kupima

Sehemu hii nimeilipia kwa pesa yangu. Msimu mmoja nilikuwa na haraka ya gari. Madumu yakaja jioni, tukayamimina yote pipani kwa mwanga wa tochi. Dumu moja, labda mawili, yalikuwa na maji na mafuta ya kale. Pipa zima likarudishwa na mnunuzi, na sikuwa na namna ya kujua ni la nani. Niliwalipa wote, wema na wabaya. Mpaka leo simjui.

Fuata mpangilio huu bila kuruka.

Kwanza, lebo. Dumu lisilo na namba ya msambazaji haliingii ndani. Mchuuzi anayekusanya kwa watu wengi alete kila dumu na namba ya alikolitoa. Akichanganya mwenyewe njiani, linakwenda kwenye pipa la "haijulikani".

Pili, uzito. Nunua kwa kilo. Mawese ni mepesi kuliko maji. Lita 20 ni takriban kilo 18. Ukinunua kwa dumu, utajikuta unadai lijazwe mpaka shingoni, na hiyo ni lumbesa ya mafuta. Toa uzito wa dumu tupu mbele ya muuzaji, asome mwenyewe.

Tatu, maji. Ingiza mrija au ufito mrefu mpaka chini kabisa, maana maji na mashapo hukaa chini na mjanja anajua utachota juu. Chukua kijiko cha mafuta ya chini, kiweke motoni. Yakilia pa-pa-pa na kurukaruka, kuna maji. Yakitulia, endelea.

Nne, harufu na umri. Uliza mikungu ilikatwa lini na kuchemshwa lini. Tunda likishakatwa au kupondeka huanza kutengeneza asidi, na kuchemsha ndiko kunakosimamisha. Zoea la kuvundika mikungu siku nne au tano ili chikichi zipukutike kwa urahisi ndilo linaloharibu mafuta. Soko la kawaida hukubali asidi huru isiyozidi asilimia 5. Ukitaka kubaki chini ya hapo, mikungu ichemshwe ndani ya siku moja au mbili. Dalili ya mkungu ulioiva ni chikichi chache kudondoka zenyewe chini ya mti.

Tano, sampuli. Jaza chupa ndogo, andika namba na tarehe, funga. Ndipo umimine, na uandike dumu hili limeingia pipa gani.

Utajua umefaulu mtu akigusa pipa lolote na wewe ukasoma daftarini, kwa dakika moja, namba za waliolijaza.

## Hatua ya 8: Piga hesabu ya miti na mafuta

Mara moja kwa mwezi, linganisha. Pima mwenyewe kwanza: kamua kilo 100 za mikungu kwa mashine ya eneo lako uone unapata kilo ngapi. Tuseme umepata 12. Basi dumu la kilo 18 limetoka kwenye kilo 150 za mikungu, na mkungu ukiwa na kilo 10, hiyo ni mikungu 15.

Mchikichi uliotunzwa vizuri hutoa takriban mkungu mmoja kwa mwezi. Mkongwe usiotunzwa hata haufiki. Sasa mtu mwenye miti 20 akileta madumu 12 kwa wiki moja, anadai kukata mikungu 180, yaani tisa kwa kila mti. Haiwezekani. Ananunua kwa wengine.

Usimwite mwizi. Mara nyingi anakusanya kwa majirani ambao hawakufika kwenye kikao. Kawaandikishe.

## Hatua ya 9: Mwenye kasoro mpe muda na tarehe

Kufukuza ni rahisi, na mafuta yake yataingia kwa mlango wa nyuma kupitia mchuuzi. Kaeni, andikeni kasoro moja, hatua moja, tarehe moja. Kuchimba shimo la maji machafu: mwezi mmoja. Kuacha kutumia kijana kukwea: leo.

Mambo mawili sina subira nayo: aliyefyeka msitu wa hifadhi baada ya kuelezwa, na anayemtumia mtoto mtini baada ya kuonywa. Hapo simamisha ununuzi, na umwambie ana kwa ana afanye nini ili arudi.

Weka pia njia ya wao kukulalamikia wewe. Mizani yako, malipo yaliyochelewa, kijana wako wa ghalani mwenye mdomo mchafu. Chagueni mtu mmoja kijijini asiyelipwa nawe, apokee.

## Hatua ya 10: Mzigo uondoke na karatasi zake

Kwa kila mzigo tuma ukurasa mmoja: namba za mapipa, kilo, namba za wasambazaji walioingia kila pipa, na pointi za mashamba. Majina, simu na namba za vitambulisho hubaki kwako isipokuwa mtu ameridhia. Pipa la "haijulikani" liuze kwa soko lisilouliza, kwa bei yake, na usilitaje kwenye ukurasa huo.

Kuwa mwangalifu na neno "limethibitishwa". Cheti cha RSPO, jumuiya ya mawese endelevu iliyoanzishwa 2004, hutolewa baada ya ukaguzi wa mtu wa nje. Tangu 2019 ina kiwango maalumu cha wakulima wadogo, nao hukipata wakiwa kikundi. Daftari lako ni mwanzo mzuri wa safari hiyo, lakini halijawa cheti. Andika "yanafuatilika hadi shambani", kama ndivyo yalivyo.

Chupa za sampuli zipange kwenye kreti, mbali na jua, kwa mpangilio wa tarehe. Zikae hapo mpaka mnunuzi alipe. Si mpaka apokee mzigo, mpaka alipe.